Punje ya Kumi na Nane

Kariakoo, jioni, siku moja kabla ya safari

Skola mwanangu,

Saa hizi uko kanisani kwenye misa ya kuwaaga mahujaji, umevaa gauni lako la kijani, kwa sababu nilikuambia sare ya hija bado haijaisha. Imeisha tangu jana. Nilikuambia pia mguu unaniuma, ndiyo maana sikukusindikiza. Mguu hauniumi. Nimebaki ili niandike barua hii kabla hujarudi, maana nikisema nikusubiri nikuambie kwa mdomo, nitakohoa, nitakuuliza kama umekula, kisha nitaanza habari za mvua. Unanijua.

Mambo ya koti, dawa na kutoacha simu ovyo hayamo humu. Editha, kiongozi wenu, ameyarudia mpaka hata mimi nisiyesafiri nimeyakariri. Wala sitaanza na asiyesikia la mkuu, kwa sababu hapa aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe, tena zamani, na amelitembelea miaka kumi na tisa bila kumwonyesha mtu.

Nina jambo la Shangazi yako Agripina. Karibu yote niliyowahi kukuambia juu yake ni uongo.

Soma tena hapo, halafu uendelee.

Wewe unajua kwamba ulipokuwa na miaka mitano, mimi na Shangazi tulikwenda hija Ulaya na kundi la parokia, na kwamba tulipofika Lurdi, kule Ufaransa, Mungu alimwita, akabaki huko milimani na masista. Unajua na barua zake. Kila Desemba tukienda Masasi ulikuwa unakaa mkekani unamsomea Bibi, naye ameshika upindo wa khanga mdomoni. Kengele za asubuhi. Bustani ya matofaa. Theluji iliyomfunika Mama Maria wa bustanini mpaka shingoni. Bibi alikuwa anakurudisha hapo kwenye theluji, usome tena, halafu anacheka na kusema huyo mtoto wake atakufa na mafua.

Barua zile nilizitunga mimi. Niliziandika hapa hapa barazani, juu ya meza ya kukatia, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usifanane na wangu. Theluji niliitoa kwenye kalenda ya duka la jirani. Bibi nilimwambia zinaletwa na padri mmoja anayekuja likizo, ndiyo maana hazina stempu. Alikufa akiwa na mojawapo chini ya mto, na watu wa kule wakamzika nayo kwa heshima. Wewe ulikuwa unasoma vizuri sana, Skola. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nakuona unakua huku unaupenda uongo wangu, nikajiambia hauna ubaya, unamtuliza bibi kizee. Kosa langu la basi nitakueleza sasa hivi, lakini la pale mlangoni naliona kubwa zaidi.

Wakati ule tulipanga chumba kimoja Buguruni. Mimi, marehemu mama yako, wewe, na Shangazi yako Pina nyuma ya pazia. Pina ni kitinda mimba wetu. Nilimtoa Masasi mimi, nikamfundisha cherehani, na baada ya mwaka mmoja akawa ananishinda. Mteja akija na kitambaa chake anampita fundi mkuu anamuuliza yeye. Alikuwa na tabia ya kuguna kabla ya kujibu, mm, kama mtu anayeonja mchuzi kujua chumvi. Wewe ulikuwa unamwiga, akawa anakukimbiza chumba kizima mkicheka.

Halafu kijana aliyemposa akabadili nia. Tangu hapo Pina akawa analia nyuma ya lile pazia, na mimi nalala upande wa pili namsikiliza kwa hasira. Nasema kwa hasira kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimhurumia mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu nilikuwa nimemchoka.

Ndipo parokia ikapanga hija. Mimi na Pina tuliwashonea mahujaji wote sare, na kwa kazi hiyo tukaingizwa kwenye msafara. Kiongozi alikuwa Katekista Romani, baba yake Editha. Mtindo huu wa punje mnaoufuata leo ni wa yule mzee. Kila hujaji alimpa punje yake ya rozari, na kabla basi halijaondoka mahali popote alisimama mbele akaziita moja moja, nawe ukiitwa unaitika, nipo. Punje moja ikikosekana basi haliondoki. Alikuwa anasema rozari iliyopungua punje si rozari tena, ni kamba. Watu walimcheka, lakini Roma hakupotea mtu, Fatima hakupotea mtu. Mimi nilikuwa punje ya kumi na saba na Pina alikuwa ya kumi na nane.

Lurdi, jioni ya pili, Pina alinivuta pembeni akaniambia habari zake. Kwenye foleni ya maji alikutana na mwanamke anayesema Kiswahili safi. Mwanamke huyo ana mahali pa kumpeleka, kuna kazi ya kushona, kuna chumba chake mwenyewe. Amempa maelekezo: siku ya tatu, penye mishumaa, aache begi, aje na nguo alizovaa tu. Mimi nilimuuliza swali moja, huyo mwanamke ni nani. Pina akasema ni Mkatoliki mwenzetu, anasali rozari kwa Kiswahili. Nikaona inatosha. Ukiwa ugenini umechoka na baridi, mtu akikuamkia kwa lugha yako unamwona ndugu, hata kama nyumbani usingemkabidhi hata sindano.

Siku ya tatu alikwenda penye mishumaa na hakurudi. Kesho yake alfajiri tukapanda basi. Kwenye kiti cha Pina niliweka begi lake, nikalifunika kwa mtandio wake, nikalilaza kidogo kuelekea dirishani. Fundi akitaka, hata begi analipa mabega. Katekista akaanza kuita. Kumi na saba nikaitika. Kumi na nane, kimya. Mzee akainua macho kutoka kwenye karatasi yake, na watu wakageuka kunitazama.

"Yupo," nikasema. "Amelala."

Akatabasamu. Akasema tumwache apumzike, safari ni ndefu. Akaita kumi na tisa.

Kwa miaka mingi nimejiambia nilifanya vile kwa kumpenda mdogo wangu. Si uongo mtupu. Lakini basi lilipoanza kuondoka, kilichonijia kwanza si huzuni wala hofu, ni chumba cha Buguruni. Nilikiona kimepata nafasi. Niliona pazia limetolewa na kitanda chako kimewekwa pale kwenye ukuta. Nilimwachia ndugu yangu aende na mtu nisiyemjua jina kwa sababu chumba kilikuwa kidogo, Skola, na kile kitanda ulikilalia wewe mpaka ukamaliza darasa la saba.

Kilichofuata uwanja wa ndege unaweza kukikisia. Walipomkosa, Katekista aliinua mkono mbele ya maofisa akaapa kwamba wote walikuwa ndani ya basi, amewahesabu mwenyewe kwa rozari, wala hakusema ni mimi niliyemwitikia Pina. Walimwona mwongo. Nyumbani nako walimwona mwongo, wengine wakasema alimuuza. Parokia ilikaa miaka bila kupewa ruhusa ya kundi lolote. Mzee akaondolewa ukatekista, Jumapili akawa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mimi nilikuwa nampa mkono wakati wa kutakiana amani. Alipofariki nilimshonea suti ya kuzikiwa bila malipo, na siku ile nilijiona mtu mwema.

Pina alinipigia mara moja tu, wiki ya tatu, kwenye simu ya duka la jirani. Alikuwa ananong'ona. Kitu cha kwanza aliniuliza nilisema nini basini, nikamwambia nilisema yupo, amelala. Akacheka kidogo. Halafu akasema huko hakuna cherehani, na pasipoti wameichukua. Nikamwambia arudi. Nilisema hivyo, arudi, kana kwamba yuko Mbagala.

Akaguna kwanza. "Kaka, hapa mtu hatoki mpaka alete mwingine wa kukaa nafasi yake."

Simu ikakatika, na namba ile haikupatikana tena. Ningeweza kwenda kwa padri, ningeweza kwenda polisi. Sikwenda, kwa sababu kusema alipo Pina kulitaka nianze kwa kusema nilichokisema mimi. Mwezi uliofuata nikaandika barua ya kwanza ya Sista Agripina.

Sasa nije kwako.

Hija ilipotangazwa mwaka huu, ulimwomba Editha akupe punje ya kumi na nane, kwa heshima ya Shangazi. Uliniambia ukiwa unacheka, umeegemea cherehani yangu. Nilijichoma kidole kwa sindano siku ile na sikukuambia kwa nini. Halafu juzi ukaniletea sare nikupunguzie kiuno. Mwanangu, nimeshona mitaa hii miaka thelathini. Mkono wangu naujua hata taa ikizimika. Upindo wa chini wa gauni lile sikuukunja mimi. Ulikuwa na mishono mirefu ya mtu mwenye haraka, na uzi ulikuwa wa kopo langu. Nikaufumua.

Karatasi ilikuwa na mwandiko wako. Namba ya simu ya nje, na chini yake: siku ya tatu, penye mishumaa, acha begi, njoo na nguo ulizovaa tu.

Nilikaa chini sakafuni. Jirani yangu muuza vifungo akaja akaniuliza, fundi vipi, presha? Nikamwambia joto.

Sijui ulikoipata namba hiyo. Nadhani ulikuwa unamtafuta Shangazi kwenye simu yako, ukiuliza nyumba za masista moja baada ya nyingine, na hakuna inayomjua, mpaka akatokea mtu akasema namjua. Labda ulitaka urudi naye unishangaze. Au labda hukuwa na mpango wa kurudi. Inawezekana umechoka kushinda juani na nguo za watoto za kuuza mkononi, ukiita watu wasiogeuka, na unatamani kitu alichokitamani yeye. Kama ni hivyo sikucheki. Kuchoka nako nakujua, na hakuna dhambi ndani yake. Dhambi inaanza pale mtu aliyekuchoka anapokufungulia mlango na kusema anakusaidia.

Leo saa saba mchana niliazima simu ya muuza vifungo, nikapiga ile namba. Iliita sana. Nilikuwa nimeshakata tamaa ilipopokelewa, na kabla ya neno lolote, huyo aliyepokea aliguna. Mm.

Sauti imekuwa nzito, ya mtu mzima, lakini mguno ni ule ule. Nilimwambia napiga kwa niaba ya binti wa hija, anayetoka Dar.

"Mwambie asiogope," akasema. "Avae ile sare yao, nitamjua."

Sikutaja jina langu. Nilisema namwomba Agripina, kama yupo. Nilisikia maji yanatiririka bombani, nikasikia mlango unafungwa, na nikasikia kama mwanamume anauliza kitu kwa lugha ya huko. Alipojibu alijibu taratibu, kwa Kiswahili, kama mtu anayesoma.

"Yupo," akasema. "Amelala."

Akakata.

Maneno yale nilimwambia mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye ile simu yake moja. Alijua ni mimi. Nimeyageuza tangu saa saba kama mtu anayegeuza kitambaa kutafuta upande wa mbele, na sijaupata. Inawezekana alikuwa ananilaani. Inawezekana alikuwa ananionya, kwa sababu yule mtu alikuwa amesimama karibu na hakuwa na namna nyingine ya kusema usimlete mtoto. Na inawezekana, naogopa kuliandika hili, alikuwa ananiambia kwamba Agripina niliyemjua hayupo tena, aliyepo ni mtu anayetafuta wa kukaa nafasi yake, na amekupata wewe. Sijui, Skola. Nampenda na namwogopa, vyote viwili kwa pamoja.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kanisani kwa Editha. Nilimkuta anafunga riboni za bluu kwenye mabegi yenu. Nilimwambia yote, kuanzia mtandio mpaka simu ya leo. Nilitegemea anifukuze. Aliendelea kushika ile riboni mkononi, halafu akasema, "Baba Skola, siku zake za mwisho baba alikuwa anahesabu. Kitandani pale. Anaita punje, akifika kumi na nane anasimama, anaanza upya." Kisha akaniomba ile namba akaiandika, akaniambia nikitaka analikata jina lako jioni hii hii.

Nilimwambia asubiri. Huenda hilo nalo ni kosa, na kama ni kosa nitalilia mwenyewe. Nimefikiri hivi: nikikufungia mlango wa hija, utatafuta mlango mwingine siku nyingine, bila kundi, bila Editha, bila mtu wa kugundua kwamba umekosekana. Na nimeshawaamulia watu wengi mambo yao bila kuwaambia ukweli. Bibi nilimwamulia aamini, Katekista nilimwamulia aadhirike, Pina nilimwamulia kwa kunyamaza. Wewe nakupa ukweli wote kwanza, halafu uamue ukiwa unauona.

Kama utakwenda, na siku ya tatu ukapita penye mishumaa na wenzako, kisha akakujia mwanamke wa makamo anayeguna kabla ya kusema, usimkimbie. Ni damu yako. Mshike Editha mkono, simameni katikati ya watu, umwamkie shikamoo Shangazi kwa sauti ya kusikika. Mwambie mama yake alifariki na alikuwa anacheka habari za theluji. Mwambie kaka yake amekubali kukiri mbele ya parokia nzima, na Editha ana namba za watu wanaoweza kumtoa alipo kama anataka kutoka. Mwambie arudi akae kwangu, sasa kuna vyumba viwili. Akilia, lia naye. Lakini usiende naye hata hatua moja, hata akikuambia choo kiko hapo tu, hata akikutajia jina la mama yako.

Karatasi yako nimeirudisha ndani ya upindo, pale pale ulipoiweka. Nimeushona kwa uzi mwekundu ili ujue nimeiona. Sare ipo kitandani kwako, na barua hii nitaiweka juu yake.

Adhana ya magharibi imekwisha na wauza vitenge wanafunga maduka. Nadhani misa nayo imekwisha, utakuwa njiani. Ukifika usiniambie kitu leo. Kula, nimekuachia wali na samaki, halafu usome.

Kesho saa nane mchana basi litakuwa mbele ya kanisa, na Editha atasimama mlangoni mwa basi kuita punje. Mimi nitakuwa nimesimama getini. Akifika kumi na nane, kama unakwenda kusali na kurudi, itika mwenyewe, kwa nguvu, nikusikie mpaka kule. Kama moyo wako unakwenda penye mishumaa, nyamaza tu. Nitakuja nichukue begi lako twende nyumbani, na njiani sitakuuliza neno.

Ukinyamaza, Editha atainua macho kutoka kwenye karatasi yake na watu watageuka kunitazama, kama siku ile. Wanitazame. Safari hii sitasema umelala.

Ni mimi baba yako,
aliyekuwa punje ya kumi na saba.